Hurrem Huyu Siye Yule

Mama mmoja wa Kimamba amenitumia ujumbe. Mwanawe wa darasa la tatu amesusa chakula siku mbili kwa sababu tamthilia anayoifuatilia ilihamishwa saa bila taarifa, na alipoipata tena, mwigizaji aliyempenda hayumo. "Dada, huku si kudeka tu?" ananiuliza. "Nikiifungia televisheni kabatini nitakuwa nimekosea?"

Kwa kawaida ujumbe kama huu naujibu kwa mistari mitatu. Safari hii niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Swali lake limegusa jambo ambalo kwetu lilichukua karibu mwaka mzima kuisha, na waliokosea tulikuwa sisi watu wazima.

Binti mwenyewe sasa yuko kidato cha pili, bweni. Likizo iliyopita nilimwomba ruhusa nisimulie. Akakubali kwa masharti mawili: jina lake nisilitaje, na nisimfanye aonekane mtoto wa kulialia. Hakuwa mtoto wa kulialia. Ndilo lililotuponza.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua kwamba huyu binti yetu mkubwa sikumzaa mimi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Baba yake ni dereva wa malori, leo yuko Tunduma, keshokutwa yuko bandarini Dar es Salaam, kwa hiyo mtoto akapelekwa Kilosa kwa bibi yake, Magomeni (Magomeni ya Kilosa, si ile ya Dar). Akakaa huko miaka miwili. Nilipoolewa tukamchukua, akaja kusoma Mikumi, ambako nina duka dogo la madaftari na soda karibu na stendi.

Kilosa na Mikumi ni wilaya moja, lakini kwa mtoto wa miaka saba zile kilomita sabini na ushee za barabara zilikuwa kama kuhamia nchi nyingine. Njiani mnapita Ulaya. Si utani, ni jina la kata. Siku ya kumleta, baba yake alijaribu kumchekesha kwa hilo: "Unaona, umefika Ulaya na viatu vyako vya kuchumpa." Hakucheka. Alikuwa ameshika mfuko wa rambo wenye karanga alizopewa na bibi, na swali lake lilikuwa moja tu. Huko Mikumi, Sultan inaonekana?

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana bila kumwelewa bibi huwezi kuelewa yaliyofuata.

Mama mkwe wangu ni mtu wa tamthilia kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Televisheni yake ya kwanza, ile ya chogo, ilizama Mto Mkondoa ulipovunja kingo na kuingia mjini Kilosa, mwishoni mwa 2009 kuelekea 2010. Mafuriko yale yaling'oa reli, sembuse televisheni. Ukimuuliza leo alipoteza nini, atataja magodoro, magunia mawili ya mahindi, kisha atanyamaza kidogo na kusema, "Na Isidingo yangu."

Isidingo ilikuwa ya Afrika Kusini. Ilianza kwao mwaka 1998, ikafungwa Machi 2020, na hapa kwetu tuliiona kupitia ITV. Watu wa mgodi wa Horizon Deep, Barker na hila zake, Cherel na visasi vyake, nani amemchukua mume wa nani. Tatizo ni kwamba walizungumza Kiingereza, tena kimechanganywa na lugha nyingine za huko, na Mama Kiingereza hajui. Mkalimani wake alikuwa mwanawe wa mwisho, aliyekuwa sekondari. Siku mkalimani ana mtihani, Mama anatazama midomo ikitikisika. Siku mkalimani amenyimwa hela ya mpira, tafsiri inatoka ya mkato: "Wanagombana." Kwa nini wanagombana? "Mambo yao."

Kwa hiyo Azam walipoileta Sultan kwa sauti za Kiswahili, Mama aliona amefunguliwa minyororo. Kwa mara ya kwanza maishani alifuata tamthilia ndefu bila kumbembeleza mtu. Suleiman anaongea Kiswahili. Hurrem anaongea Kiswahili, tena cha kejeli. Mjukuu kando yake kwenye mkeka, karanga katikati. Mama alikuwa akimwita mtoto "mke mwenzangu", kama bibi wengi wanavyotania wajukuu wa kike, na ndani ya tamthilia yenye wake wenza kila kona utani huo ulinoga. Kwa miaka miwili ile baada ya msiba, saa ya Sultan ndiyo ilikuwa saa ya nyumba yao. Chakula kinaiva kabla, vyombo vinaoshwa baadaye.

Najua kuna mzazi ameshakunja uso. Mtoto wa miaka saba na tamthilia ya kunyongana? Una haki. Mimi pia nilikunja uso. Ile hadithi ina watu wanaopewa sumu, ina wana wa mfalme wanaouawa kwa amri ya baba yao. Mama alikuwa na utaratibu wake: ikifika pabaya anasema "macho", na mtoto anajifunika khanga. Nilipomchukua nilitaka kuifuta kabisa. Mume wangu akanikataza, na sababu yake ilikuwa fupi: "Ameshaondolewa vitu vingi." Nikaiacha. Hata leo sijui kama ningefanya hivyo kwa huyu mdogo wa kiume.

Basi tukawa na Sultan mbili, moja Mikumi na nyingine Kilosa. Kipande kikiisha, simu inalia. Bibi na mjukuu wanachambua nusu saa, kwa dakika zangu.

Sasa ratiba. Mzazi wa Dar anaweza asinielewe, ila wa Mikumi atanielewa. Mvua kubwa ikinyesha, picha inaganda Hurrem akiwa mdomo wazi. Ngedere wanatoka porini na kukalia dishi, dishi linageuka nyuzi mbili, na fundi yuko Ifakara hadi Jumatatu. Kifurushi kinakwisha siku ambayo baba yuko Tunduma na hela yake haijaingia. Umeme nao una siku zake. Ukiongeza Agosti 2018, TCRA ilipoagiza ving'amuzi vya kulipia viache kubeba chaneli za bure kama ITV na Channel Ten kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu, Mama akaikosa Isidingo kwenye dishi, akanunua king'amuzi cha pili cha antena. Chaneli zile baadaye zilirudi, lakini kwa muda ule kulikuwa na rimoti tatu juu ya kitambaa cha meza, na hakuna mtu mzima aliyejua ipi ni ya nini. Mtoto alijua.

Kuna kitu kingine kinachovuruga, na sikukijua hadi nilipokuja kusoma baadaye. Sultan kwao Uturuki ilirushwa mara moja kwa wiki, na kila sehemu ilikuwa ndefu kama sinema nzima. Tamthilia za Kituruki zikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi. Ndiyo maana kipande kinaishia mtu ameshika kitasa cha mlango, hajui mwenyewe anaingia au anatoka. Mama alikuwa anadhani ni mitambo imeharibika.

Umeme ukikatika Mikumi na Kilosa upo, Bibi anasimulia kwa simu. Hapo nilikuwa nakaa karibu nisikilize, maana Mama anajua kusimulia. Anaiga sauti, anaweka vikohozi, anakuacha unasubiri. Mtoto anakaa gizani na simu sikioni, taa ya simu inamulika shavu. Nikawa naona usiku wa kukatika umeme ni mzuri kuliko wa umeme.

Ila msimulizi alikuwa anahariri.

Tuligundua kwa Ibrahim Pasha. Ibrahim alikuwa rafiki wa Suleiman tangu ujana, akawa waziri mkuu, na katika historia ya kweli aliuawa kwa amri ya Suleiman mwenyewe mwaka 1536. Tamthilia nayo haikumwachia. Usiku huo Mikumi tulikuwa gizani. Bibi akasimulia kipande kizima, akafika mwisho, akasema Ibrahim Pasha amehamishwa kikazi. Mkoa wa mbali. Kesho yake kwenye marudio umeme ukawepo, na mtoto akaona alivyohamishwa.

"Bibi ulisema amehamishwa!"

"Si ndiyo hivyo," Mama akajibu kwenye simu, "amehamishwa duniani."

Tulicheka sana. Baba yake alilisimulia neno hilo kwenye mizani yote ya barabarani. Hakuna aliyemwangalia mtoto usoni kuona kama na yeye anacheka.

Kisha ikaja ile ya Hurrem.

Kama uliifuatilia unakumbuka. Yule Hurrem wa mwanzo, mwenye nywele nyekundu na kicheko cha kuinua kichwa nyuma, akapotea kwenye hadithi. Aliporudi, kila mtu ikulu anamwita Hurrem, Suleiman anamwita Hurrem, watoto wanamwita mama, lakini ni mwanamke mwingine kabisa. Mtu mzima zaidi, mtulivu, macho mengine.

Simu ikalia kabla hata kipande hakijaisha. "Huyu siye," Mama anasema. "Mwambie baba yake apige simu huko kwenye king'amuzi, wamekosea mtu."

"Bibi, ndiye. Ndiyo jina lake sasa."

"Mke mwenzangu, mimi nina macho. Huyu siye yule." Akagoma. Wiki mbili alizima televisheni ikifika saa yake, akalala mapema, jambo ambalo lilitutisha kidogo. Mtoto aliendelea kutazama peke yake bila kusema kitu, akiwa amesogea karibu na kioo mno. Nikamwambia arudi nyuma ataharibu macho.

Jumapili moja jioni tulikuwa tunachambua mchele, ungo katikati yetu. Wakati ule aliniita Anti.

"Anti, yule Hurrem wa kwanza yuko wapi?"

"Amesafiri," nikasema. Sikuinua hata uso. Ni jibu ambalo mdomo unalitoa wenyewe, kama "sijambo".

Akatoa jiwe, akaliweka kando. Akatoa jingine.

"Mtu akisafiri, akirudi anaweza kuwa na sura nyingine?"

Nilisimamisha mikono. Aliuliza akiwa ananiangalia. Ananiangalia mimi, paji la uso, pua, mdomo, kama anayelinganisha picha ya kitambulisho.

Mzazi mwenzangu, siku mama yake alipofariki walimpeleka nyumba ya jirani, na aliporudi wakamwambia mama amesafiri. Sikuwepo, simlaumu mtu, na pengine na mimi ningesema hivyo. Wengi wetu tunasema hivyo. Tunadhani tunamwachia mtoto usingizi. Baadaye, tulifikiri, atakua na atajua mwenyewe. Na kwa kuwa hakulia, hakuuliza, alikuwa anakula na kucheza, tukaamini ameshajua.

Kumbe alikuwa anasubiri. Duka langu linatazama stendi. Kila akitoka shule alikaa kwenye kreti ya soda mlangoni, akiangalia mabasi ya Mbeya, ya Iringa, ya Songea yanaposimama watu washuke wajinyooshe. Sisi tulikuwa tunasema mtoto huyu anapenda mabasi, atakuja kuwa dereva kama baba yake. Alikuwa anaangalia wanaoshuka.

Na sasa televisheni imemwonyesha kwamba anayesafiri anaweza kurudi akiwa mtu mwingine, na watu wote wakakubali kuwa ndiye.

Nikamwambia, "Hapana. Mimi siye yeye." Nilisema hivyo tu, tena kwa sauti mbaya, kama niliyekaripia. Akaitikia, "Haya," akaendelea na mchele.

Usiku ule sikulala. Nilichukua simu na bando lililobaki nikaanza kumtafuta Hurrem. Niliona, angalau hili moja nilijue kwa ukweli, nimweleze kama lilivyo.

Nilichokipata ni hiki. Tamthilia ile ilianza kurushwa Uturuki Januari 2011. Aliyemwigiza Hurrem mwanzoni ni Meryem Uzerli, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 2013, msimu wa tatu ukielekea ukingoni, aliacha kazi na kurudi Ujerumani. Mwenyewe alisema alikuwa amechoka, uchovu ule wa kazi unaomwishia mtu mwilini na kichwani. Watengenezaji wakabaki na tamthilia inayotazamwa na mamilioni na malkia wao hayupo. Huwezi kumfuta Hurrem, hadithi yote ni yake. Wakamchukua Vahide Perçin, mwigizaji mkubwa wa kwao, akaibeba nafasi msimu wa nne hadi karibu na mwisho, na tamthilia ikafungwa Juni 2014 baada ya sehemu 139. Haya yote yalikuwa yamekwisha miaka mingi kabla hayajafika kwetu kwa Kiswahili. Sisi tulikuwa tunalilia jambo ambalo Waturuki walishalisahau.

Halafu nikakuta jingine ambalo sikulitafuta. Mwandishi wa tamthilia, mama aliyeitunga, Meral Okay, alifariki Aprili 2012 kwa saratani, katikati ya kazi. Mwandishi mwingine, Yılmaz Şahin, akaendelea pale alipoishia. Hakuna mtazamaji wa Kilosa aliyegundua. Tuliyeona ametoweka yupo hai. Aliyekufa kweli hatukuwahi kumwona.

Nikampigia mume wangu, yuko Makambako. Nikamwambia huyu mtoto lazima aambiwe, na si mimi wa kumwambia. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Nakuja."

Alipofika ilikuwa Ijumaa. Jumamosi tukapanda pikipiki mbili hadi njia panda, tukapata gari la Kilosa. Mtoto alifurahi, anaenda kwa bibi. Nyumbani Magomeni, baada ya chai, baba yake akamkalisha kwenye ule mkeka wa Sultan. Mimi nilitaka kutoka, Mama akanishika mkono nibaki.

Alianza na Hurrem. Nilishangaa, lakini sasa naona alichagua vizuri, maana kwake palikuwa na mlango wa kuingilia. Akamwambia, yule dada Hurrem wa kwanza hajafa. Alichoka akaacha kazi, akarudi kwao Ujerumani, na yule wa pili ni mwigizaji mwingine anayefanya kazi ile ile. Hakubadilika sura. Ni watu wawili.

Mtoto akatikisa kichwa. Hilo alilikubali upesi.

"Na mama yako," baba yake akasema, "hakusafiri. Tulikwambia uongo. Alikufa. Mtu akifa harudi, hata kwa sura nyingine."

Sitaandika kilichofuata, nilimwahidi. Nitasema tu kwamba aliyelia zaidi hakuwa yeye. Baadaye akauliza swali la mtoto mwenye akili timamu: yuko wapi sasa? Tukaenda makaburini wote wanne. Tulikuta nyasi zimeota. Baba yake akang'oa, mtoto akang'oa, tukaomba dua, tukarudi kabla ya mvua. Njiani akauliza kama kaburi lile lilikuwepo pale siku zote alizokaa Kilosa. Lilikuwepo. Miaka miwili, umbali wa kutembea kwa miguu, na hakuna aliyempeleka.

Jioni Mama hakuwa na raha. Nikadhani ananiona nimechokonoa. Kumbe anawaza ya kwake. "Yule Lee wa Isidingo," akaniuliza, "na yeye ilikuwaje? Huyu mkalimani wangu aliniambia amekwenda nje kusoma."

Nikaangalia kwenye simu. Ashley Callie, aliyemwigiza Lee Haines, alifariki Februari 2008 kutokana na ajali ya gari Johannesburg. Nikamsomea. Mama akakaa na lile neno muda mrefu.

"Zaidi ya miaka kumi," akasema, "najua yuko masomoni."

Mkalimani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mke, alipopigiwa simu na kugombezwa usiku ule hakuelewa kosa lake ni lipi.

Basi, dada yangu wa Kimamba, nikujibu. Televisheni usiifungie kabatini, utakuwa umeondoa na hicho kilichobaki. Muulize mwanao huyo mwigizaji alimpendea nini, na anadhani amekwenda wapi. Usimpe jibu la haraka. Kama hujui, mwambie hujui, kisha mtafute pamoja kwenye hiyo simu unayosomea sasa hivi, dakika tano zinatosha. Mara nyingi utakuta ni mambo ya kawaida: mkataba umekwisha, amepata kazi kwingine, ameugua, amegombana na bosi. Wakubwa tunakumbuka kundi la Ze Comedy lilivyotoka EATV kwenda TBC1 mwaka 2008, ukatokea mvutano wa haki za jina, wakarudi wakijiita Ze Orijino Komedi. Watoto wa wakati ule walielewa vizuri tu walipoelezwa. Kuhusu saa, andika ratiba mpya ubandike mlangoni, na kama imegongana na saa ya kulala, tafuta marudio ya mchana. Kususa chakula kutaisha chenyewe. Lakini ukiona hauliza tena na amesogea karibu na kioo, kaa naye.

Sultan tuliimaliza. Mama alirudi kuitazama baada ya safari ile, akisema sasa anamwangalia huyu wa pili kama mtu aliyeshika zamu ya mwenzake. Alimzoea, hata akaanza kumsifu kwamba anajua kukaa kimya kuliko yule.

Ila bado lilibaki moja, na hilo mimi na mtoto tulilijua kabla. Katika ule usiku wa kutafuta nilikuwa nimesoma kwamba Hurrem wa kweli alifariki mwaka 1558, miaka minane kabla ya Suleiman, na tamthilia haikuweza kulikwepa hilo. Mama amelelewa na sinema za vibanda umiza ambako steringi hafi. Alikuwa na hakika Hurrem atafika mwisho.

Siku kipande chenyewe kilipokaribia, nilikuwa nafunga duka. Mtoto alikuwa ndani na simu yangu. Nikamsikia anasema taratibu, kwa sauti ya mtu mzima:

"Bibi, umekaa? Kaa kwanza. Hurrem atakufa leo. Hajahamishwa, hajasafiri. Anakufa."

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha sauti ya Mama, ambayo hata bila spika inasikika hadi barabarani:

"Nilijua tangu walipomleta huyu mwingine. Haya, mmeweka Luku? Maana mimi leo sisimulii."